Waliomsindikiza Gaspar

Jumatatu jioni nyumba ya Petrona Diego ilijaa watu kama kuna matanga, isipokuwa marehemu mwenyewe alikuwa ameketi katikati ya kochi anakula maharage na kuomba aongezewe pilipili. Gaspar hakuwa mtu wa kuhurumiwa na tumbo tupu. Kila mwanamke aliyeingia alimshika bega, akatikisa kichwa, akapita jikoni kwa wenzake, na huko jikoni ndiko habari zilikokuwa zikipikwa hasa.

"Yule wa kiwanda cha mazulia walimwita hivi hivi," alisema Candelaria, dada yake Gaspar, huku anamenya viazi. "Eti njoo uripoti tu, dakika mbili. Kaenda na mkoba wake wa chakula cha mchana. Mkoba ndio uliorudi."

"Wifi, punguza sauti," Petrona alisema. "Watoto wanasikia."

"Watoto gani? Watoto wana simu. Wamejua kabla yetu sisi."

Kwa miaka mingi Gaspar alikuwa akienda kuripoti kwa watu wa uhamiaji. Hakimu alishatoa amri afukuzwe Marekani, lakini serikali ikamwacha kwa sharti kwamba kila mwaka aende mji mkubwa akaonyeshe uso wake. Alikuwa akienda kama mtu anayekwenda kung'oa jino: anaingia, wanamtazama, wanagonga muhuri, na mchana yuko kiwandani anabeba makreti ya kuku. Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Kwenye televisheni wakubwa wenye tai walikuwa wakibishana juu yao asubuhi na jioni. Huyu anasema waondoke wote, yule anasema waondoke wabaya tu, mwingine anauliza kuku watakatwa na nani. Na wakati wale wanabishana, watu waliokwenda kuripoti walikuwa hawarudi.

Wakili alikuwa amepiga simu mchana, na maneno yake yalikuwa machache. Gaspar asipokwenda Alhamisi, watakuja kumchukua nyumbani mbele ya watoto. Akienda, huenda wakamchukua huko huko. Afadhali aende.

"Huenda," Gaspar aliwaambia wanaume waliomzunguka. "Nimemlipa hela yote ile kuninunulia neno 'huenda.'"

Walicheka. Walikuwa tayari kucheka kwa lolote.

Wakili alikuwa ameongeza jambo jingine, nalo Petrona alilirudia kwa kila aliyeuliza. Gaspar asiende peke yake, kwa sababu mtu akiwa na mashahidi hutendewa kwa adabu kidogo. Lakini wanaomsindikiza wawe wenye makaratasi. Asiye na makaratasi asikanyage hata uwanja wa jengo lile.

Hapo ndipo simu ya milimani ilipolia. Mama yake Gaspar, kule Guatemala, hakuwa na desturi ya kusalimia kwanza.

"Gaspar anakwenda na nani?"

"Tunatafuta watu, mama," alisema Petrona.

"Mnatafuta? Ukoo unatafutwa?" Sauti ya bibi ilijaza jikoni, na wanawake wakaacha visu. "Baba yake Gaspar aliitwa na wanajeshi kituoni. Akasema hataki kusumbua watu, akaenda peke yake. Mpaka leo sijui nimwashie mshumaa wapi. Jirani yetu Palas aliitwa wiki ile ile. Ukoo wake wote ulimfuata, wanawake mbele, watoto mgongoni, wakakaa nje ya geti. Jioni wakamtoa. Serikali ikimwona mtu peke yake inajua hana wenyewe. Unanisikia, Petrona? Mwanangu ana mke au hana?"

"Ana mke, mama."

"Basi asindikizwe."

Hakuna aliyembishia, maana hakuna aliyeona kosa katika maneno yake. Watu wa milima ile hawaendi serikalini peke yao, hata kuandikisha mtoto. Candelaria alichukua tena kisu chake akasema taratibu, "Tatizo ni kwamba ukoo wenyewe hauna makaratasi."

*

Katika watu wao wote pale mjini, mwenye kadi ya ukaazi aliyekuwa karibu nao kuliko wengine ni don Tomás wa dukani. Ndiye aliyemshika Yesenia, binti yao, siku ya ubatizo, na kila Krismasi alimpelekea fulana. Petrona alimwendea Jumanne kabla ya zamu. Duka lilikuwa na foleni, na foleni ya don Tomás haijawahi kuwa na mtu kiziwi.

"Mama Yesenia! Nimesikia, nimesikia. Tunawaombea."

"Asante, don Tomás. Nilikuwa na neno kidogo, faragha."

"Sema tu, hapa wote ni nyumbani."

Petrona aliwatazama waliokuwa nyumbani. Wanawake watatu walikuwa wanachagua nyanya ile ile moja. "Alhamisi tunampeleka Gaspar. Wakili anataka watu wenye makaratasi wakae naye. Ni kukaa tu kwenye benchi."

Don Tomás alianza kupanga upya bigijii kwenye kaunta, ingawa zilikuwa zimepangika. "Unajua mimi nina kadi. Kadi si uraia. Uraia nimeuomba, na mwezi ujao naitwa kuhojiwa. Sasa wakiniona pale, watajiuliza huyu naye kafuata nini."

"Umefuata baba wa mtoto uliyembatiza."

"Wewe unaelewa hivyo, mama. Kamera haielewi."

"Kwa hiyo hapana."

"Sikusema hapana! Nani kamsikia Tomás akisema hapana?" Aliinama, akaokota mfuko wa unga wa mahindi, akautia ndani ya mfuko mwingine, akaongeza parachichi, akaongeza kopo la maziwa. "Chukua. Nyumba yako ina wageni siku hizi. Si deni, ni yangu."

Petrona hakutaka unga. Lakini kuukataa mbele ya watu kungekuwa kumtukana mwanamume ndani ya duka lake, na kesho angehitaji kurudi. Akaukumbatia kama mtoto, akasema asante. Alipofika mlangoni akamsikia mmoja wa wale wa nyanya akisema, si kwa kunong'ona sana, "Afadhali. Angalau hakutoka mikono mitupu."

*

Kiwandani Petrona alifanya kazi kwenye laini ya kukata mabawa ya kuku, bega kwa bega na Darlene. Darlene alikuwa Mmarekani wa pale pale, mwenye nywele za rangi ya njano iliyochoka, na miaka kumi na mmoja ya kukata mabawa pamoja ilikuwa imewatengenezea lugha yao. Kilikuwa Kiingereza cha kiwandani, cha maneno machache na mikono mingi. Walijuana magoti, wakajuana waume. Gaspar ndiye aliyemwezekea Darlene paa kimbunga kilipolibeba, na hakupokea ila sahani ya keki.

Wakati wa mapumziko Darlene alivua glavu, akakaa mbele yake bila kufungua chakula.

"Sikufichi, Petrona. Niliwapigia kura hawa."

"Najua. Una kibandiko kwenye gari."

"Walisema wanaofukuzwa ni wahalifu. Wauza madawa. Nikasema sawa, hao waondoke. Sikumaanisha Gaspar."

"Gaspar hakuwa kwenye karatasi ya kura?"

Darlene alisukuma chakula chake kando. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Unanisema."

"Nakuuliza. Alhamisi njoo nasi. Ukae tu pale. Wewe wakikutazama wanaona mama yao."

"Alhamisi nina zamu, mwenzangu. Unamjua bosi."

"Mimi pia nina zamu."

"Nitaona," alisema Darlene. Petrona alikuwa ameishi nchi ile vya kutosha kujua kwamba 'nitaona' yao ni 'hapana' iliyooga na kuchana nywele. Kengele ikalia, wakarudi kwenye laini. Mabawa yakaanza kuja, wala hawakutazamana tena siku ile.

*

Jumatano jioni watu walikuwa wamepungua. Hofu ya mtu mwingine huchosha kuangalia, na wengi walikuwa na hofu zao. Mchungaji wa kanisa lao alikuwa amehamia jimbo jingine bila kuaga. Mtoto wa binamu, aliyezaliwa pale pale na kwa hiyo ni raia, alisema gari lake lina matatizo. Candelaria alipiga simu huku na huku mpaka simu ikapata moto, akasema, "Ndio basi, wifi. Ni wewe na yeye."

Petrona mwenyewe alikuwa na kibali cha kazi, kesi yake ya kuomba hifadhi ikiwa bado inasubiri, na wakili alimruhusu kuingia. Akawaza gari lao, gari kubwa la viti saba alilolinunua Gaspar kwa majigambo mengi, likiingia kwenye uwanja wa serikali na watu wawili ndani. Akaona viti vitupu. Akamwona mama mkwe anaviona.

Akaenda chumba cha nyuma. Micaela, mdogo wake, alikuwa anakunja nguo kitandani, na mwanawe Danilo wa miaka mitano amelala chali sakafuni akiimba wimbo wa katuni. Walihamia pale mwaka uliopita, mume wa Micaela aliporudishwa Guatemala. Alikamatwa njiani kwa taa mbovu ya gari. Micaela hakuwa na kadi, kibali wala kesi. Kwenda kazini kwake kulikuwa kutoka kwa mlango wa nyuma na kurudi kwa mlango wa nyuma.

"Kesho tunakwenda wawili," alisema Petrona.

"Nimesikia. Don Tomás je?"

"Don Tomás katoa unga."

Micaela alicheka puani. "Tutamvisha unga kitambaa, tumkalishe kwenye benchi."

Petrona hakucheka. Alichukua shati la Danilo akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Mika, twende."

"Twende wapi?" Kisha akaelewa. "Dada. Mimi?"

"Hushuki. Utakaa ndani ya gari tu. Akigeuka nyuma aone watu."

"Wakili kasema asiye na makaratasi hata uwanjani..."

"Wakili hana ukoo. Wakili anakaa mwenyewe na paka. Kutakuwa na magari mia pale, nani atakuja kuchungulia moja moja?"

"Na Danilo?"

"Candelaria atakuwa naye. Katuni hazijamchosha tumesharudi."

Gaspar alikuwa amesimama mlangoni, hawakujua tangu saa ngapi. "Shemeji asiende," alisema. "Petrona, hili liache."

"Mama yako kasema usindikizwe."

"Mama yuko mbali."

"Kwa hiyo uende kama baba yako?"

Halikuwa neno la kusema, na alijua hivyo kabla halijamaliza kutoka. Gaspar, aliyekuwa amefanya mzaha siku tatu mfululizo, alifungua mdomo na mzaha haukuja. Akashika fremu ya mlango. Micaela alimtazama shemeji yake, mtu mnene mwenye makelele, aliyempa yeye na mwanawe chumba kile bila kuulizwa, akaona kidevu chake kinatikisika.

"Sawa," alisema. "Lakini nikae kiti cha mbele. Nyuma natapika."

Na Gaspar, Mungu amsamehe, mabega yake yalishuka kwa nafuu. Petrona aliliona hilo, nalo likampa moyo kwamba amefanya vema.

*

Asubuhi, wakiwa tayari wamepanda gari, taa za gari jingine ziliingia uani. Aliyeshuka ni Darlene. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, viatu vya kisigino na rangi ya midomo ya waridi, na alitembea kwenye kokoto kama kuku aliyelowa.

"Nimemwambia bosi ninaharisha," alisema. "Kama ananifukuza anifukuze."

Petrona alimkumbatia mpaka lile gauni likalia. Candelaria, mlangoni, alipiga vigelegele vidogo vya asubuhi. Gaspar alifungua mlango wa nyuma kama dereva wa rais, akasema, "Karibu, mama yao."

Kisha akamgeukia mkewe, akasema kwa lugha yao. "Basi. Tumepata mtu. Micaela ashuke abaki na mtoto."

Ilikuwa rahisi hivyo. Micaela alishika mkanda wa kiti tayari kuufungua, akamtazama dada yake. Nyumba ilikuwa hatua chache tu nyuma yao. Danilo alikuwa dirishani na nguo ya kulalia, amebandika ulimi kwenye kioo.

"Darlene ni mtu mwema," alisema Petrona. "Lakini Darlene si ukoo. Mama atauliza nani wa kwetu alikuwepo, nimwambie nani?" Akamtazama Micaela. "Ni kukaa tu."

Micaela aliachia mkanda. Gaspar akawasha gari.

*

Ndani ya jengo lile mtu huanza kupungua tangu mlangoni. Mlinzi alimwamuru Gaspar avue mkanda, avue viatu, avue kofia. Suruali yake, iliyokuwa imelegea kwa wiki ya kutolala, ikabidi aishike kwa mkono. Alipotaka kuuchukua mkanda wake upande wa pili akaambiwa asubiri. Akasubiri mbele ya watu, suruali mkononi, mtu aliyesimamia wanaume ishirini kwenye sehemu ya kupakia.

"Umepotea, mama?" mlinzi alimuuliza Darlene kwa upole. "Ofisi ya pasipoti iko ghorofa ya juu."

"Sijapotea. Niko na hawa."

Mlinzi alimtazama tena, na upole ukaisha.

Walikaa kwenye benchi. Ilikuwa kimya, watoto wenyewe walikuwa kimya. Kulikuwa na mlango mmoja ambamo watu waliitwa, na kila jina lilipoitwa benchi zima liliacha kupumua. Wengine walitoka wakitembea haraka bila kuangalia nyuma, kama waliookota kitu. Wengine hawakutoka. Kijana mmoja aliingia, na baada ya muda ofisa akamletea mama yake saa ya mkononi, funguo na cheni. Mama yule alivipokea viganjani akasema asante. Baadaye ndipo akaelewa.

Jina la Gaspar lilipoitwa, Petrona alisimama naye. "Wewe hapana," alisema ofisa. Mlango ukafungwa.

Darlene alimshika mkono. Petrona alifunga macho akaanza kuomba, lakini maombi hayakukaa kichwani. Kilichokuja ni vitu vya nyumbani: nani atafungua mfuniko wa pipa la maji ulioshika kutu, nani atamnyoa Rigo, mwanawe mdogo aliyekataa mtu mwingine yeyote asimguse kichwa. Alimwahidi Mungu mambo ambayo asingeweza kuyatimiza. Akamwambia, nirudishie huyu mmoja, sitaomba tena.

Mlango ulipofunguka alikuwa Gaspar. Alitembea akipanua miguu, maana kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, juu ya soksi, walikuwa wamemfunga kidude cheusi chenye taa ya kijani.

"Wamenipa miezi mitatu," alisema. "Wananifuata kama mbuzi mwenye kengele. Lakini miezi mitatu."

Petrona alilia kwa sauti pale pale, na hakuna aliyemnyamazisha. Wakiwa bado kwenye korido alitoa simu, akampigia Candelaria. "Katoka! Wifi, katoka!" Kilichotoka upande wa pili hakikuwa maneno, kilikuwa nyumba nzima inapiga kelele. Alisikia sufuria ikianguka. Alisikia mtu akisema, chinjeni batamzinga yule.

*

Gari lilikuwa pale walipoliacha. Gaspar, aliyekuwa mbele, alipunguza mwendo. Petrona alidhani ni kile kidude cha mguuni.

Dirisha la kiti cha mbele halikuwepo. Kioo kilikuwa kimemwagika kwenye kiti na chini kwenye lami, kimevunjika vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe. Mkanda wa kiti ulikuwa umekatwa.

"Mika?" Petrona aliita. Aliita kama mtu anayeita ndani ya nyumba. Akafungua mlango wa nyuma, akatazama chini ya viti. "Mika, tumerudi."

Mwanamke mmoja alikuwa kwenye gari la tatu kutoka pale, vioo juu, mtoto mchanga kifuani. Alishusha kioo kidogo tu, upana wa vidole. "Walikuja na magari mawili yasiyo na alama," alisema kwa Kihispania cha Honduras. "Wamejifunika nyuso. Walikuwa wanapita gari hadi gari. Mimi nina kadi, niliwaonyesha. Yule dada alikataa kufungua. Akawa anawaambia kitu, anaonyesha jengo. Anasema, namsubiri shemeji, namsubiri shemeji. Basi wakavunja."

"Walimpiga?"

"Walimvuta." Yule mwanamke alitazama usukani. "Samahani, mama. Mimi nina mtoto." Kioo kikapanda.

Gaspar aligeuka kuelekea jengo. Alikuwa anakimbia, kile kidude kinagonga mfupa, na Darlene alilazimika kuvua viatu vyake ili amfikie. Alimshika koti kwa mikono miwili. "Wewe usirudi mle! Unanisikia? Ukirudi mle hutoki!"

"Niwaambie wamrudishe! Wanichukue mimi! Mimi ndiye niliyeitwa leo, si yeye!"

"Nakwenda mimi. Kaa hapa. Petrona, mkalishe!"

Darlene alikwenda pekupeku, viatu mkononi. Petrona alimkalisha mumewe kwenye ukingo wa lami, akakaa naye. Akampigia wakili. Wakili alisikiliza, akauliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeweka kalamu chini, "Nilikwambia nini?" Petrona alisema, "Uliniambia." Akampigia Candelaria, simu ikalia mpaka ikakata. Akapiga tena. Akapiga tena. Alijua kwa nini haipokelewi. Wakati ule spika ya muziki ya Gaspar ilikuwa tayari imetolewa barazani.

Darlene alirudi taratibu. Rangi ya midomo ilikuwa imekwenda mpaka kidevuni.

"Wanasema hawamjui. Wanasema si watu wa ofisi yao. Nikawauliza ni watu wa nani basi." Alikaa kwenye lami na gauni lake la kanisani. "Yule mlinzi ameniambia, 'Mama, hiki ndicho tulichokipigia kura.' Akacheka. Alidhani tunacheka pamoja."

Petrona alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha mbele, anaokota vioo kimoja kimoja na kuviweka kwenye kiganja, mpaka Gaspar alipomfungua vidole akavimwaga.

*

Walisikia marimba kabla hawajakata kona. Magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani. Watu waliokuwa na shughuli zao Jumatano, leo wote walikuwa na nafasi. Don Tomás alikuwa amevaa aproni na ameshika koleo la kugeuzia nyama. Mtoto wa binamu alikuwa ameegesha lile gari lake lenye matatizo juu ya nyasi.

Walimshusha Gaspar kwenye usukani kabla hajazima gari sawasawa. Walimbeba. Walikiona kidude cha mguuni wakapiga kelele zaidi, mtu akasema ni saa mpya ya serikali, mtu akasema sasa hata Petrona atajua anakolala. Gaspar alikuwa anasema kitu, mdomo wake unafunguka na kufumbika juu ya mabega yao, na walidhani ni shukrani.

"Hela ya kioo tutachanga!" alipiga kelele don Tomás. "Kioo ni kitu gani! Mtu kapatikana!"

Candelaria alimkumbatia Petrona, akamwachia, akachungulia nyuma yake. Alimwona Darlene pekupeku. Aliona kiti cha mbele. Mkono wake ulipanda mdomoni, na Petrona akatikisa kichwa kidogo, kwa sababu Danilo alikuwa anakuja kwa mbio, na mfupa wa kuku mkononi. Danilo alifungua mlango wa kwanza. Akafungua wa pili. Akazunguka upande wa pili wa gari.

"Mama kashukia wapi?" aliuliza.

Simu ya Petrona ilitetemeka mkononi. Namba hakuijua. Aliipeleka sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja.

Kwanza ilikuwa sauti ya mashine, ikimweleza kwa Kiingereza kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Kisha, "Dada? Dada, shemeji katoka?"

"Katoka."

"Mungu mkubwa." Micaela alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi. "Niliwauliza wote, hakuna aliyenijibu. Nikasema kama hajatoka dada atakuwa peke yake. Danilo kala?"

"Kala. Anakula. Mika, uko wapi? Waulize jina la mahali."

"Hawasemi. Kuna wanawake wengi. Wanasema jioni tunapandishwa basi." Kulikuwa na mlango unaofungwa nyuma yake, mzito, halafu kimya. "Ni muziki huo?"

Petrona aliipa spika mgongo. Watu walikuwa wamemweka Gaspar chini katikati ya uwanja na kumfungulia nafasi acheze.

"Dada. Ni muziki?"

"Ni muziki."

"Mimi sikushuka," Micaela alisema upesi upesi, maana mtu fulani alikuwa anamharakisha. "Wasije wakasema nilishuka. Nilikaa kwenye gari, dada. Nilikaa kama ulivyoniambia."

Simu ilikatika. Danilo alikuwa amesimama mbele yake, mafuta mdomoni, anasubiri apewe aongee.